Tundu la Sindano

Mtu akikosa, kisha akaomba radhi, je, kosa lake limekwisha? Wengi hujibu: “Ndiyo, mambo yamekwisha, tusahau.” Nasi tulikuwa tukijibu hivyo, mpaka tulipojifunza kudarizi.

Hapa Nyangezi, kusini ya Bukavu, tulikuwa kundi dogo la akina mama na wasichana. Tulianza na kitambaa. Ukichoma sindano mahali pasipofaa, unafumua uzi, unalowesha kitambaa kidogo, unakisugua kwa ukucha, na tundu linajifunga. Baadaye tukaanza kudarizi karatasi, ili tutengeneze majalada na kurasa za vitabu vidogo. Kumbe, karatasi haisamehe! Tundu likiisha kutobolewa, litabaki. Matundu yakikaribiana mno, karatasi huchanika kama stempu. Kwa hiyo mama aliyetufundisha alitukataza haraka. Kwanza kuchora, kisha kulaza karatasi juu ya blanketi lililokunjwa na kutoboa matundu yote kwa kuyahesabu, mwisho ndipo kutia uzi, wala tusiuvute kwa nguvu.

Siku moja mkasi ulipotea. Tulimshuku msichana mmoja, na sababu yetu ilikuwa moja tu: kwao ni maskini. Tulimwamuru afungue mfuko wake mbele ya wote. Hamkuwamo kitu. Siku ya tatu mkasi ukaonekana katikati ya mikunjo ya blanketi letu lile lile. Tukamwita kando, tukamwomba radhi kwa sauti ndogo. Akajibu: “Haidhuru, mama.” Lakini tangu siku ile, kila alipotaka kurudi nyumbani, alifungua mfuko wake mbele yetu, wala hakuna aliyemwambia aufungue.

Hapo tulifahamu. Tulimtendea kana kwamba jina la mtu ni kitambaa. Kumbe ni karatasi.

Je, basi tukate tamaa? Hapana. Katika monasteri ya Engelberg, nchi ya Uswisi, viko vitabu vya karne ya 12 vilivyoandikwa juu ya ngozi za wanyama. Ngozi nyingine zilikuwa na matundu. Mafundi hawakuyaficha, bali waliyashona kwa nyuzi za hariri za rangi nyingi, na hata leo watu huyatazama kwa kustaajabu. Tundu bado ni tundu. Lakini ukilitazama, unaona pia mkono uliokaa hapo muda mrefu kwa uvumilivu.

Ndivyo ilivyo radhi ya kweli. Haisemi, “Hakuna kilichotokea.” Inakwenda mahali palipotobolewa na kufanya kazi pale pale. Sisi tulimtoboa msichana yule mbele ya watu, tukataka kumshona gizani. Basi, tuliwakusanya wote, tukakiri kosa letu waziwazi, na sababu yake ya aibu tukaitaja. Kisha tukampa ufunguo wa sanduku la vyombo, autunze yeye.

Hatusemi kwamba amesahau. Jumla ya majuma mengi yamepita, na siku nyingine mkono wake bado unakwenda kwenye mfuko. Kazi hii ni ya mishono midogo midogo, nasi tunaiendelea.

Basi ndugu, kabla ya kumtaja mtu kwa ubaya, tuhesabu kwanza matundu. Na kama tumekwisha kutoboa, tusiseme upesi kwamba yamekwisha. Tushike uzi.