Mwia Yu Mlangoni: Je, Tuhame?

Somo: 2 Wafalme 4:1-7 na 8:1-6



Mwezi huu twataka kunena juu ya jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona, nalo ni deni la nyumbani. Habari za ulevi na za uganga huletwa mbele ya wazee wa kanisa bila kukawia. Lakini deni hukaa chumbani kama mgonjwa aliyefichwa, mpaka siku ile kilio kisikike nje. Ndipo mchungaji huitwa, na mara nyingi huitwa usiku.

Nasi tuliitwa usiku. Ndugu mmoja na mkewe, Wakristo wa usharika wetu, ambao kwa ruhusa yao twaeleza habari zao pasipo majina, walikuwa katika nyumba yao upande wa Kihonda, vyombo vimekwisha kufungwa katika mashuka. Mume alikuwa amepatana na mwenye gari aje saa tisa ya usiku. Mke alikuwa ameketi juu ya furushi la nguo, hataki kuinuka.

Deni lao lilianza kwa bati. Kuta zilikuwa zimesimama, masika yalikuwa karibu, nao wakakopa katika chama chao cha akiba na mikopo ili waezeke. Hatuwezi kuwalaumu kwa hilo. Kisha mtoto akafaulu kwenda shule ya bweni. Kisha mama mkwe akaugua. Kisha ikaja harusi ya mpwa na mchango wake. Ili kuleta marejesho ya chama wakakopa kwa watu ambao nchi nzima huita mikopo yao kausha damu. Na ili kuwalipa hao wakakopa kwa njia ya simu. Na ili kuilipa simu mume akaiweka rehani kadi ya pikipiki iliyokuwa ikiwalisha. Tulipohesabu tuliona mahali pa kulipa ni sita. Mke alikuwa akijua matatu tu.

Yafaa tuonyeshe jinsi kamba hii inavyosokotwa, kwa kuwa wengi hutia sahihi bila kupiga hesabu. Tuseme mtu amekopa shilingi 500,000 kwa riba ya 30 katika mia kila mwezi, wala hana nguvu ila kulipa riba peke yake. Kila mwezi atatoa shilingi 150,000. Baada ya miezi kumi atakuwa ametoa shilingi 1,500,000, na zile 500,000 za kwanza zingali zote. Serikali ilitunga Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018, ambayo yawataka wakopeshaji wawe na leseni, na Benki Kuu ikaweka kikomo cha riba kuwa 3.5 katika mia kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana. Kwa kikomo hicho, riba ya mtu yule ingekuwa shilingi 17,500 kwa mwezi. Tena mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha kwa simu bila leseni. Basi kabla ya kumkimbia mwia, mtu na aulize kwanza kama mwia huyo ana haki ya kudai yote anayoyadai.

Wala msidhani ya kuwa mambo haya hayalipasi kanisa. Mwaka 1540 Dkt. Martin Luther aliwaandikia wachungaji akiwataka wahubiri juu ya riba inayonyonya maskini. Naye hakunena kama mtu asiyejua deni. Mwaka 1527 yeye mwenyewe alikuwa na madeni, na vikombe vyake vilikuwa vimewekwa rehani. Katika Katekisimo Ndogo, alipolieleza ombi la mkate wa kila siku, alihesabu humo nyumba na shamba na fedha, akafika hata kwa majirani waaminifu. Hao majirani twawaomba mwakumbuke, kwa maana sasa twaingia katika somo letu.

Mjane wa somo letu hakuwa mke wa mlevi. Mumewe alikuwa mmoja wa wana wa manabii, mtu aliyemcha Mungu. Twaweza kusema alikuwa kama mwinjilisti wa kwetu. Hata hivyo alikufa akiwa na deni, na mwia akaja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Yule mama hakulifunika jambo lile. Alimlilia Elisha, akataja deni, akamtaja mwia, akawataja na watoto. Nabii akamwuliza ana nini nyumbani. Akajibu kwamba hana kitu ila chupa ya mafuta. Ndipo nabii akamwagiza aende kwa majirani wote, akaazime vyombo vitupu, wala visiwe vichache.

Zamani tulipokuwa chuoni tulilicheka kidogo agizo hili: mwanamke amelemewa na madeni, naye aambiwa akaazime tena! Lakini usiku ule Kihonda tuliliona kwa namna nyingine. Mtu hawezi kuazima vyombo vitupu kwa majirani wote bila majirani kujua ya kuwa nyumbani kwake mna shida. Mlango ulifungwa baadaye, mafuta yalipoanza kumiminika, haukufungwa mwanzo. Yule ndugu yetu alikuwa amefanya kinyume. Alikuwa ameufunga mlango kwanza, mbele ya majirani, na mbele ya mkewe pia.

Basi twaja kwenye kuhama. Shauri la mume lilikuwa kupanda milimani upande wa Mgeta, katika ardhi ya ukoo wa mkewe, na kukaa huko mpaka wawia wachoke kutafuta. Nyumba ingeuzwa kimya kimya kwa mkono wa dalali. Shauri hili lilikuwa na makosa mawili ya wazi. La kwanza ni la sheria: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke, wala mke hawezi bila ridhaa ya mume. La pili ni la desturi. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo hushuka kwa upande wa mama. Mume anayelima huko hulima kwa heshima ya wakwe zake, naye huonekana na kila jicho. Yule mama alitueleza jambo hili kwa maneno machache kuliko sisi:

"Baba Mchungaji, mjomba ataniuliza swali moja tu: mmekuja kulima, au mmekuja kujificha? Nami sitaweza kumdanganya."

Tulikaa kimya kitambo. Kisha tukafungua sura ya nane, maana Elisha huyu huyu, aliyemwacha mjane akae nyumbani mwake na kulipa, ndiye aliyemwambia mwanamke Mshunami aondoke na jamaa yake yote kwa sababu ya njaa iliyokuwa ikija. Kwa hiyo hakuna mtu awezaye kusema kwamba kuhama ni kukosa imani. Wazee wetu wa Uluguru wenyewe husimulia jinsi watu walivyopanda milima hii wakiyakimbia mateka na njaa za bondeni. Lakini mtazame Mshunami alivyohama. Aliondoka na nyumba yake nzima, si mume kwa siri ya mke. Na miaka saba ilipokwisha alirudi, akaenda kwa mfalme mwenyewe kudai nyumba yake na shamba lake, akarudishiwa vyote pamoja na mazao. Aliweza kusimama mbele ya mfalme kwa kuwa hakuwa na jambo la kuficha nyuma yake. Yakobo alipotoka kwa Labani kwa siri, alifuatiwa mwendo wa siku saba. Naye hakuwa mdeni. Ni zaidi sana aliye mdeni. Amri ya saba yasimama mbele ya gari la saa tisa ya usiku, maana fedha ya mtu iliyo mikononi mwetu si yetu kwa sababu tumebadili mtaa.

Mwenye gari alipofika alipewa nauli ya taabu yake, akaenda zake. Tukachukua daftari la mtoto, tukaandika madeni yote sita, kiasi kilichokopwa, kilicholipwa, na kinachodaiwa. Mume alitaja matano. La sita alilileta mwenyewe, mkono ukitetemeka, katika karatasi iliyokunjwa.

Ilikuwa karatasi ya ahadi ya ujenzi wa kanisa. Alikuwa ameahidi mabati ishirini mbele ya watu, siku ile ya shangwe, nasi tulilitaja jina lake kwa sauti kuu na watu wakapiga makofi. Siku ya mwisho ilipofika alikopa kwa hao kausha damu ili asiaibike. Sahihi ya kupokea ilikuwa yetu sisi.

Nehemia alipoona watu wake wameweka rehani mashamba na nyumba zao kwa ajili ya nafaka, aliwakasirikia wakuu; lakini alijitia na yeye mwenyewe katika hesabu, kwa kuwa yeye na jamaa yake nao walikuwa wamekopesha. Nasi imetupasa kujitia. Tumezoea kumheshimu mtu kwa ukubwa wa ahadi, wala hatumwulizi atatoa wapi. Jambo hili tumelipeleka kwa baraza la wazee wa usharika. Mzee mmoja alisema sadaka iliyotolewa hairudishwi. Mwingine akasema mabati yale yamepigwa misumari juu ya vichwa vyetu, na kila mvua ikinyesha tutamsikia ndugu huyu. Baraza halijamaliza shauri hili. Lakini tangu sasa katika usharika wetu ahadi haitatangazwa kwa jina, na kila mtu ataiandika nyumbani pamoja na mwenzi wake.

Shauri la nyumba lilichukua majuma matatu. Hawakuuza, wala hawakubaki. Nyumba ina vyumba vinne na umeme. Ikipangishwa yaweza kuleta kodi kubwa kuliko kodi ya vyumba viwili vya uani. Wakakubaliana kuipangisha, wahamie vyumba viwili, na tofauti ya fedha iende kwa wawia, kuanzia kwa chama cha akiba ambacho fedha yake ni jasho la wenzao. Mama hupanda Mgeta kila juma kuleta kabichi na njegere, akauze sokoni. Mjomba wake amempa kipande cha kulima, baada ya kuuliza swali lile na kujibiwa vema. Kwa wakopeshaji wawili tulikwenda sisi na mwenyekiti wa mtaa. Mmoja, alipoulizwa leseni, alikubali kupokea kile alichokopesha bila nyongeza. Wa pili alitutukana, akasema wachungaji wajue Biblia tu. Deni lake lingali na shauri.

Walihama siku ya Jumamosi, saa nne ya asubuhi, kwa mkokoteni, na vijana wa kwaya wakisukuma. Kitanda kilikuwa juu, na sufuria zikigongana hata mtaa mzima ukatoka kutazama. Yule mkopeshaji wa pili alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, akivihesabu vyombo kwa macho. Ndugu yetu aliacha mkokoteni, akavuka, akamwamkia, akamwelekeza nyumba wanayokwenda, mlango wa tatu nyuma ya kisima.