Wanaume Waliogeukia Ukuta

Kuna ukurasa mmoja katika kitabu cha Ernest Cole ambao kwa miezi mingi nimekuwa nikiuruka. Nikikaribia, nashika kurasa mbili tatu kwa pamoja na kuzifunua kwa mkupuo, kama mtoto anayepita karibu na makaburi usiku. Lakini tasnifu yangu ya uzamili inahusu vitabu vya picha, na huwezi kuandika juu ya House of Bondage ukakwepa ukurasa huo.

Cole alizaliwa mwaka 1940 karibu na Pretoria. Alipiga picha maisha ya Waafrika chini ya Makaburu: treni zilizofurika watu, askari wakikagua pasi, mayaya wakilea watoto wa Wazungu. Ili aingie kwenye machimbo ya dhahabu, aliificha kamera ndani ya mfuko wa chakula. Mwaka 1966 aliondoka nchini, mwaka uliofuata kitabu kikatoka New York, na kwao kikapigwa marufuku. Hakurudi tena. Alifia New York mwaka 1990.

Picha yenyewe inaonyesha wanaume waliokuja kufanya kazi migodini. Wanapimwa afya. Wamepanga mstari wakigeukia ukuta, mikono juu, hawana hata kitambaa mwilini. Kwa Kiswahili tunasema uchi wa mnyama, na sijawahi kukutana na msemo huo ukiwa na maana kamili kama hapa.

Mgodi uliwavua nguo asubuhi moja. Kitabu kinawavua kila kinapofunguliwa, na kilichapishwa upya mwaka 2022, kwa hiyo tunaofungua tumeongezeka. Je, nia njema ya mpiga picha inawavisha? Sina shaka Cole alikuwa upande wao. Na bila picha ile, wakubwa wangesema ulikuwa upimaji wa kawaida tu, na nani angewabishia? Hata hivyo sidhani kwamba kuna aliyewauliza wale wanaume.

Nilianza kwa Susan Sontag, kama wanafunzi wengi wa fani hii. On Photography, kitabu chake cha 1977, kilinifundisha kuogopa: tukizoea kutazama mateso, macho yanaota sugu. Mwaka 2003 alirudi na kitabu kingine akiitilia shaka hoja yake mwenyewe, na kwa hilo nikampenda zaidi. Lakini Sontag anahangaika sana na sisi tunaotazama. Mimi nataka kujua picha inamfanyia nini aliyemo.

Roland Barthes alinisogeza karibu. Baada ya mama yake kufariki alipata picha ya mama huyo akiwa mtoto wa miaka mitano, na nusu ya kitabu chake cha mwaka 1980 inaizunguka picha hiyo. Ndani ya kitabu haimo. Alikataa kuichapisha, kwa sababu kwetu ingekuwa picha ya mtoto yeyote tu wa zamani. Darasani tuliusifu sana uamuzi huo. Nilikuwa njiani kurudi hosteli ndipo nilipoona kilichokuwa kinanikera: Barthes alikuwa na funguo za kabati. Wale wanaume wa Cole hawakuwa na kabati wala funguo. Wakulima wa pamba wa Alabama waliopigwa picha na Walker Evans mwaka 1936 angalau walibadilishiwa majina na James Agee, aliyeandika maneno ya kitabu chao. Nyuso zao zikabaki zilezile.

Inabidi sasa niseme kwa nini ukurasa ule unanitesa. Babu yangu mzaa mama ni mtu wa Rungwe, na mwishoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Afrika Kusini kuchimba dhahabu kwa mkataba. Vijana wengi wa huko walikwenda hivyo, hadi Tanganyika ilipopata Uhuru na serikali ikausitisha mpango huo. Hadithi zake tunazijua wote: safari, blanketi, baiskeli aliyoinunua aliporudi. Hadithi ya kupimwa afya hajawahi kutusimulia.

Desemba nilikwenda kumsalimia nikiwa na picha ile kwenye simu. Nilijiambia ni utafiti.

"Shikamoo babu. Kuna picha ya migodini nataka uitazame."

Alivaa miwani. Alitazama mpaka kioo kikazimika, akanirudishia simu niiwashe, akatazama tena.

"Aliyepiga ni nani?"

"Mwafrika, babu. Mwenyeji wa hukohuko."

"Alisimama nyuma yao."

"Ndiyo."

"Sisi baadaye tuliambiwa tugeuke."

Sikuwa na la kusema. Mvua ilikuwa inapiga bati, nikashukuru kwa kelele yake. Baadaye nikamuuliza kama naruhusiwa kuiweka kwenye kazi yangu ya chuo.

"Iweke. Watu wajue." Akavua miwani. "Ila bibi yako asiione."

Wameishi pamoja zaidi ya miaka sitini. Katika yote niliyosoma, sikuwahi kukutana na mtu anayetaka dunia nzima ione isipokuwa mtu mmoja. Barthes alimficha mama yake tusimwone sisi tusiomjua. Babu hana habari na sisi. Anayeweza kumvua nguo ni yule tu anayemjua akiwa amevaa.

Nikamuuliza kama niandike jina lake. Akacheka. "Jina la nini? Humo umeona jina la mtu?"

Bibi akaingia na chupa ya chai na ndizi za kuchemsha, akauliza tunatazama nini.

"Mambo ya chuo," babu akasema.

Nikailaza simu kifudifudi juu ya mkeka, nikasogea bibi apate pa kukaa.