Kivuli Chenye Mwili: Erich Auerbach na Maana ya Historia

Ikiwa tukio la kale linahesabiwa kuwa ishara ya jambo kubwa litakalokuja, je, tukio hilo na watu waliolipitia hubaki na uzito wao, au huyeyuka mara ishara inapotimia? Swali hili la kidini lilimshughulisha kwa miaka mingi Erich Auerbach, mtaalamu wa fasihi ya Zama za Kati katika lugha zilizozaliwa na Kilatini, hasa Kiitalia na Kifaransa.

Auerbach alizaliwa Berlin mwaka 1892 katika familia ya Kiyahudi, akapata shahada ya udaktari wa sheria, akapigana katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akaiacha sheria na kushika filolojia, yaani taaluma inayochunguza lugha na maandishi yake kwa pamoja. Kitabu chake juu ya mshairi Dante kilitoka mwaka 1929, mwaka aliopata uprofesa Marburg. Mwaka 1935 utawala wa Wanazi ulimwondoa kazini kwa sababu ya Uyahudi wake, na mwaka uliofuata akahamia Istanbul.

Katika insha yake ya mwaka 1938, Auerbach alichambua dhana ya figura, ambayo ni uhusiano kati ya matukio mawili ya kihistoria, la kwanza likiashiria la pili na la pili likilitimiza la kwanza. Dhana hii hutofautiana na istiara, ambamo picha husimamia wazo tu na haina maisha yake yenyewe. Tertullian, mwandishi Mkristo wa kale wa Carthage, Afrika Kaskazini, alimwona Yoshua kuwa figura ya Yesu, lakini alishikilia kwamba mambo ya Agano la Kale yalitendeka kweli, na watu wake waliishi kweli. Msimamo huo haukuwa jambo dogo mwaka 1938, kwani katika Ujerumani ambayo Auerbach alikuwa ameiacha walikuwapo Wakristo waliotaka Agano la Kale liondolewe kanisani.

Hoja hiyo inafika mbali zaidi katika kitabu chake Mimesis, alichokiandika Istanbul kati ya mwaka 1942 na 1945. Huko anamsoma Farinata, kiongozi wa Firenze ambaye Dante, katika shairi lake, anamkuta Jehanamu, akiwa amesimama katika kaburi la moto na bado akiulizia nasaba na siasa za mji wake. Hukumu ya Mungu imekwisha kupita, lakini haikumfuta mtu. Imemkamilisha, hata msomaji akajikuta akimtazama Farinata kuliko hukumu yenyewe. Kwa Auerbach, hapo ndipo sura ya binadamu ilipoupita mpango wa kidini uliokuwa umeibeba.

Hata hivyo, kinga ambayo figura inayapa matukio ya kale na watu wake ni nusu kinga. Kanisa liliitumia pia kuwaambia Wayahudi kwamba historia yao ilikuwa utangulizi wa historia ya wengine, na uhalisi unaotambuliwa kwa sharti la namna hiyo huwa mikononi mwa mfasiri. Auerbach, aliyehamia Marekani mwaka 1947, akafundisha Yale na kufariki mwaka 1957, hakuandika risala ya kulijibu pingamizi hili. Lakini katika sura ya kwanza ya Mimesis anamsoma Ibrahimu kama baba anayekwenda safari ya siku tatu kumtoa mwanawe sadaka, akiwa na mengi moyoni asiyoyasema, na safari hiyo haihitaji msalaba ili iwe nzito.