Mashine Iliyonyamazishwa

Watu wengi hushikilia kwamba Bububu ilipewa jina na gari la moshi. Reli ile, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani na kuanza kazi mwaka 1905, ilitoka mjini kwenda Bububu, mwendo wa maili saba hivi. Na mngurumo wa gari, ati, ndio uliogeuka jina. Lakini Bibi Salme binti Said, aliyeihama Unguja mwaka 1866, anaitaja Bububu kwa jina hilohilo katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886. Wanaolinasibisha jina na mbubujiko wa chemchem, ile ambayo maji yake Sayyid Barghash aliyavuta kwa mabomba hadi mjini, angalau hawagombani na tarehe. Sikio halikukosea kusikia, lilikosea kuhukumu.

Hukumu ya namna hiyo humkabili pia fundi aliyesimama mbele ya mashine kuukuu ya kuchongea chuma, yenye kuongozwa na kompyuta. Chukulia kwamba karakana yake ipo Bububu hiyohiyo, na kazi iliyo mezani ni nyumba ya bushi, itakayoshika shafti ya rafadha katika chombo cha kuvusha watu kwenda Tumbatu. Mhimili mmoja wa meza unavuma na kutetemeka hata ukiwa umesimama. Katika mashine za zamani, kisanduku kinachoendesha mota huwa na skrubu ndogo za kurekebishia kwa bisibisi, na mojawapo hupunguza ukali wa mota kuitikia amri. Akiizungusha kidogo tu, mvumo unakoma, na mwenye chombo anafurahi. Je, mashine imepona, au imekatazwa kulia?

Katika nyingi za mashine hizi, kipimo kinachoiarifu kompyuta kimefungwa nyuma ya mota. Kompyuta basi haijui meza ilipo. Inajua mota ilipo, na inadhani ni mamoja. Baina yao kuna parafujo ndefu na nati yake ya gololi, na vikisagika hubaki nafasi tupu. Kila mota igeukapo, huimaliza kwanza nafasi ile, meza ikiwa imetulia tuli, kisha hutoa habari kwamba imefika. Haisemi uongo, inalishuhudia jambo lisilo lake. Duara likichongwa, hutoka na vikovu vinne, pale ambapo mihimili hugeuza mwendo.

Kompyuta yaweza kuamriwa iongeze sehemu chache za mia za milimita kila mhimili ugeukapo. Wapo wanaoiita hiyo hila, na si haki kuiita hivyo. Mshairi anayefupisha neno ili mizani itimie hamdanganyi mtu, maana msikilizaji analijua neno lililofupishwa. Taabu ni kwamba parafujo haisagiki sawasawa: huliwa zaidi katikati, ambako kazi nyingi hufanyika, na ncha zake hubaki karibu na upya wake. Fidia inayofaa katikati huwa kosa jipya penye ncha.

Ile skrubu ya ukali ina hatari kubwa zaidi. Mota iliyolegezwa huifuata amri kwa kuchelewa, na mihimili miwili isipoitikia kwa kasi moja, duara huwa yai. Kompyuta ingepiga ukelele bakio likizidi kiwango. Lakini kiwango chenyewe ni nambari tu, nacho chaweza kupandishwa. Hapo kila kitu karakanani kimeridhika. Asiyeulizwa ni abiria, ambaye shafti italia chini ya miguu yake katikati ya mkondo.

Fundi wa Bububu anairudisha skrubu ilipokuwa. Anaweka saa ya kupimia kwenye meza, anaigeuza parafujo mbele na nyuma, na kuandika kwa chaki ubavuni mwa mashine: katikati, sehemu saba za mia, nchani, moja. Kumbe hata mvumo ulikuwa wa katikati tu, mota ikihangaika ndani ya nafasi yake tupu. Parafujo mpya haitapatikana leo wala mwezi huu. Anakifungua chuma, anakihamishia nchani mwa meza na kukifunga upya, kazi ya saa nzima, mwenye chombo akitazama maji yanavyokupwa. Nchani meza inakwenda kimya. Kila ikirudi kupitia katikati inavuma, naye anaiacha ivume.