MVUA YA KWANZA

Somo: Mhubiri 11:1-6



Sisi tunaoishi Carama tunalijua jua la kiangazi, Juni hadi Septemba. Kisha mvua ya kwanza inanyesha, vidimbwi vinajaa njiani, na pengine baada ya siku chache vimekauka tena.

Mungu ameumba viumbe wadogo wa maji, jamii moja na kaa na kamba, wanaoishi katika vidimbwi vya namna hiyo sehemu nyingi za Afrika. Kidimbwi kikikauka, wakubwa wote wanakufa. Mayai yao yenye ganda gumu yanabaki katika tope kavu, na yanaweza kungoja miaka mingi. Mvua ikirudi, hayaanguliwi yote. Mengine yanaanguliwa, mengine, ingawa yamelowa maji yale yale, yanaendelea kulala. Maji yakidumu, waliotoka wanakomaa upesi na kutaga mayai mapya. Jua likirudi mapema, wanakufa kabla ya kutaga. Lakini uzao haukomi, kwa sababu akiba iko bado ndani ya tope.

Ndugu zangu, niruhusuni niungame jambo. Siku moja tulisikia kwamba amani imerudi kwetu Kongo. Niliuza hata masufuria, nikaondoka na watoto wote. Siku ya kuaga nilisimama kanisani nikasema kwamba wanaobaki hawana imani. Haikupita miezi mitatu, tukakimbia tena usiku, mikono mitupu. Waliotufungulia mlango ni wale wale niliowadharau.

Mhubiri anamshauri mkulima apande asubuhi na jioni pia, kwa kuwa hajui ni mbegu ipi itakayofaulu. Huko si kukosa imani. Ni kukubali kwamba sisi si Mungu.

Leo tena kuna ubishi nyumbani mwetu. Baba anataka kurudi aone shamba, mama anataka watoto wamalize mwaka wa shule. Msigombane. Anayetangulia, mwombeeni na mchangieni nauli. Anayebaki, asiitwe mwoga. Lakini naye asilale milele, maana yai lisiloanguliwa kamwe halizai. Na aliyetangulia akirudi mikono mitupu, asichekwe. Mpeni nafasi kwenye mkeka.

Mvua ipi itadumu, Bwana ndiye ajuaye.



Mchungaji wenu, Carama