Upepo Safi Hausomeki

Tororo, nchini Uganda, ina sifa yake ya zamani: kati ya 1967 na 1976, ngurumo zilisikika huko wastani wa siku 251 kwa mwaka. Mwenyeji wa Nagongera, wilayani humo, hangojei takwimu. Wingu likijikusanya alasiri, anaanua mtama uani na kuwaita watoto watoke chini ya mwembe. Wingu hilo huchangiwa na upepo wa mchana kutoka Ziwa Viktoria, unaokutana na pepo za bara na kupanda. Usiku mambo hugeuka: hewa ya nchi kavu huelekea ziwani, na kabla ya alfajiri dhoruba humkuta mvuvi wa dagaa aina ya mukene na taa yake.

Januari 2019 ndege ya utafiti ya Uingereza iliruka juu ya ziwa hilo kuzipima pepo hizo. Baharini nako, ndege za namna hiyo huchunguza tabaka la hewa linalogusana na maji, ambamo mizunguko mikubwa huzaa midogo, hiyo ikazaa midogo zaidi, hadi nguvu yote iishie kuwa joto. Chombo kimojawapo cha kupimia upepo ni lida. Hurusha mapigo ya leza na kupokea nuru inayorudi. Kwa kiasi masafa ya mawimbi yake yalivyobadilika, mwendo wa upepo hujulikana.

Lakini nuru hiyo hairudishwi na upepo wenyewe. Lida nyingi za kupima upepo hutegemea vumbi, moshi na chembe za chumvi zilizorushwa na mawimbi. Hewa ikiwa safi kupita kiasi, hata ivume namna gani, chombo hakioni kitu.

Kwa watu, sisi tumezoea kinyume chake, kuutafuta ukweli wa mtu kwa kumvua: tuondoe ukoo, kazi, madeni na lafudhi, ndipo tumwone mwenyewe. Nahofia tukimaliza kumvua hatutamwona yeyote. Kinachomsukuma mtu hujulikana kwa vitu alivyovibeba.

Hata hivyo, si kila mzigo ni shahidi wa kuaminika. Tone la mvua nalo hurudisha nuru ya leza, ila tone ni zito. Huanguka kwa uzito wake, na asiyejihadhari atapima anguko la tone akidhani amepima upepo. Chembe ya moshi ni nyepesi, huenda upepo unakokwenda.

Msibani husomwa wasifu: shahada, vyeo, viwanja. Vyote vya kweli, lakini vina uzito wake, kama tone; huenda marehemu alivifuata kwa sababu kila mtu huvifuata. Kisha jirani anasimama na kusema kwamba huyu, kila alipoazima toroli, alilirudisha likiwa limeoshwa. Hakuna aliyemdai aoshe, wala hakupandishwa cheo kwa kuosha. Ukitaka kujua maana ya maisha yake, anza na toroli. Wasifu utaeleza alikofika. Mambo madogo yasiyo na faida ndiyo yanayoeleza alikuwa akisukumwa na nini.