Kijana na Chuo: Nasaha kwa Baba na Mwana

  

Ndugu zangu Waislamu, kila mwaka matokeo ya mitihani yatokapo, nyumba nyingi za mwambao wetu huingia katika shughuli moja. Baba hukaa barazani na mwanawe, na ami na mjomba wakaja, yakaanza kutajwa majina: huyu asema Nairobi, yule asema Dar es Salaam, mwingine ataka Madina, na mwingine amesikia habari za Uturuki na Malaysia. Lakini sikilizeni vizuri mazungumzo hayo. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza: Nani atakayemsomesha? Atalala wapi? Kila siku atapata saa ngapi za kusoma? Huulizwa jina la chuo na jina la mji, basi, kana kwamba chuo ni kanzu ichaguliwayo kwa rangi yake.

Mwenyezi Mungu ametuhadithia katika Suratul-Kahf safari ya Nabii Musa. Yeye ni Mtume, na juu ya hayo alifunga safari na kijana wake hata wakachoka, wakataka chakula chao. Na yote hayo ni kumtafuta mtu mmoja wa kumfundisha asilolijua. Makutano ya bahari mbili yalikuwa alama ya njia tu. Alichokitafuta ni mwalimu.

Nina jirani yangu aliyeuza shamba la minazi alilorithi kwa babake, ili mwanawe aende ng'ambo kusoma. Kijana akakaa huko miaka minne, akarudi na hati nzuri yenye muhuri wa dhahabu. Alipoipeleka apate kazi, ikaonekana kwamba chuo kile hakitambuliwi. Shamba limekwenda, na kijana leo hukaa katika duka la ami yake akipima mchele. Sikusimulia haya ili kumwaibisha mtu. Nimeyasimulia kwa kuwa kuuliza kungaligharimu asubuhi moja tu. Kenya ina tume yake ya vyuo vikuu, na Tanzania ina yake, na kila moja huonyesha vyuo ilivyovikubali. Mtu asiyenunua mbuzi ila amemtazama meno, aliuza minazi ya wazee wake bila kuuliza neno.

Sasa na tumtazame mtu tumjuaye sote. Nani katika sisi asiyemjua Imamu Nawawi? Arubaini yake twasomeshwa tungali wadogo, na Minhaji yake ni tegemeo la masheikh wetu katika madhehebu ya Imamu Shafi. Lakini twamjua kwa vitabu vyake, wala wengi wetu hatumjui alipokuwa mwanafunzi asiye na pa kulala. Habari zake ziliandikwa na mwanafunzi wake, Ibnul-Attar, ambaye mengi aliyasikia kinywani mwake.

Alizaliwa mwaka 631 wa Hijra (1233) katika kijiji cha Nawa, kusini ya Dimishki. Babake alikuwa na duka, akamtia kijana dukani, lakini kuuza na kununua hakukumshughulisha na Kurani yake. Mwaka 649, umri wake ukiwa kama miaka 18, babake alimchukua mpaka Dimishki. Tazameni neno hili: alimchukua, alikwenda naye. Hakumpa nauli akamwambia, Nenda, utajua huko huko. Akafikishwa kwa sheikh mmoja wa mji ule, jina lake Tajuddin al-Fazari, akaanza kusoma kwake. Kisha likatokea jambo dogo, ambalo sisi hatulihesabu kuwa ni jambo. Madrasa ya sheikh yule haikuwa na vyumba vya wanafunzi. Kijana alipotaka pa kukaa, sheikh hakumng'ang'ania ili ajifakharishe kwa wingi wa wanafunzi. Alimwelekeza kwa sheikh mwingine, Kamaluddin Is-haq al-Maghribi, katika madrasa ya Rawahiyya. Huko palikuwa na chumba, na mkate uliotolewa kwa wanafunzi. Nawawi akaenda, akakaa katika chumba kidogo, na mkate ule ukawa ndio chakula chake. Na huyo Is-haq ndiye awahesabiwaye kuwa sheikh wake wa kwanza katika fiqhi.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwani ndipo penye maneno yangu. Mtu ambaye vitabu vyake vimesomwa zaidi ya miaka mia saba, chuo chake kilichaguliwa kwa sababu ya chumba! Wala si ajabu. Kijana wetu apangaye chumba mbali na chuo, akatumia saa mbili kwenda na saa mbili kurudi ndani ya matatu au daladala, amekwisha poteza saa nne kwa siku, na kwa siku tano ni saa ishirini. Hakuna mwalimu awezaye kumrudishia saa hizo. Basi chuo cha jina dogo, chenye dakhalia karibu, na maktaba iliyo wazi usiku, na walimu waonekanao baada ya darasa, huenda kikamfaa zaidi kuliko chuo mashuhuri ambacho mwanafunzi humwona mwalimu wake kwa mbali kama aonavyo mnara. Kabla ya kuandikisha, baba na aende, au amtume mtu. Aulize wanafunzi wa mwaka wa tatu, wala asiulize walioajiriwa kukisifu chuo. Awaulize: Mwalimu akikosa kuja, huja lini tena? Mkikwama, mwamwendea nani? Pa kusali pako wapi, na saa ya Ijumaa mwaachwa? Kama ada italipwa kwa mkopo, asome karatasi ya mkopo yote, na penye ziada awaulize wanavyuoni kabla ya kutia sahihi, si baada yake.

Na nyinyi matajiri wetu, nina neno nanyi. Madrasa ya Rawahiyya haikujengwa na sultani. Ilijengwa na mfanya biashara, Ibn Rawaha, akaiweka wakfu. Sisi mwambao hatukosi watu wa kuweka wakfu. Misikiti yetu yashuhudia, na mitaa mingine ina mitatu yenye kuonana. Ni wangapi walionunua nyumba moja karibu na chuo kikuu, wakaiweka wakfu kwa watoto wa Lamu, au Tanga, au Pemba, walale humo? Lau Nawawi hakupata chumba na mkate, sijui Minhaji ingeliandikwa na nani.

Kijana akisha kuingia chuoni, shughuli ndiyo kwanza yaanza. Nawawi alihifadhi kitabu cha Tanbihi kwa muda kama wa miezi minne na nusu. Kila siku alisoma masomo kumi na mawili mbele ya masheikh zake, fiqhi na hadithi, nahau na sarufi, usuli na majina ya wapokezi. Na katika kila somo aliandika maelezo ya maneno magumu na kuyatia irabu. Leo kijana huupiga picha ubao kwa simu, akatoka akidhani kwamba amesoma. Kilichosoma ni simu. Imepokewa pia kwamba alikaa kama miaka miwili asiweke ubavu wake chini kwa kulala. Hili simwambii kijana wetu aliige, kwani mwili una haki yake, na wengi walijaribu kukesha kwa kutafuna majani, mitihani ikaja wakiwa wagonjwa. Na aige kule kuandika kwa mkono wake.

Yako mambo mengine ya maisha ya chuoni nayapitia haraka, kwa kuwa kila mzee ayajua: rafiki huchaguliwa katika juma la kwanza, na deni la chakula huanza kwa shilingi chache. Lakini kuna moja ambalo wazee ndio wakosao. Nayo ni kumlazimisha mtoto fani asiyoiweza.

Nawawi mwenyewe alipitiwa na fikira ya kusoma utabibu. Akanunua kitabu cha Kanuni cha Ibn Sina, akaazimia. Asema kwamba moyo wake uliingia giza, akakaa siku nyingi hawezi kushughulika na chochote, hata akatambua sababu yake, akakiuza kitabu. Watu wengine huitaja habari hii kuonyesha kwamba utabibu haufai. Hilo si kweli, na dalili yake iko katika zama zile zile. Ibnun-Nafis alikuwa mtu wa madhehebu ya Shafi kama Nawawi, naye alisoma utabibu Dimishki, kisha akahamia Misri. Kitabu kile kile cha Kanuni kilichomtia Nawawi giza, yeye alikiandikia sherehe, na ndani yake akaeleza kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita mapafuni, ndipo ikafika upande wa kushoto; jambo ambalo matabibu wa zamani walilikosea. Na juu ya utabibu wake alisomesha fiqhi katika madrasa ya Cairo. Alipokaribia kufa mwaka 687 (1288), aliwachia hospitali nyumba yake na vitabu vyake. Basi kitabu ni kimoja, na mji ni mmoja, na madhehebu ni moja. Mmoja alikiuza, na mmoja akakisherehesha, na sote twawarehemu wawili hao. Baba amwonaye mwanawe moyo umeingia giza katika mwaka wa kwanza, na amsikilize kabla hajaamua kwamba ni mvivu.

Na haya ni ya binti pia. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, aliwahimiza watu wa Mombasa juu ya ilimu ya wana na mabinti, na wako hata leo wanaomsifu Sheikh na kumzuia binti.

Lugha yetu ilikiita kitabu chuo kabla haijaliita jengo kwa jina hilo, na mwenye ilimu ikamwita mwanachuoni. Kijana aliyepita miaka minne katika jengo bila kumaliza kitabu kimoja kuanzia mwanzo hata mwisho, sijui tumwite nani.

Nawawi alikaa Dimishki miaka kama ishirini na saba. Mwaka 676 (1277) alitaka kurudi kwao. Kabla ya kuondoka alivirudisha vitabu vya wakfu alivyokuwa ameviazima, akayazuru makaburi ya masheikh zake, akawasomea na kulia, akaagana na marafiki zake. Kisha akazuru Baitul-Makdisi na Al-Khalil, akarudi Nawa, akaugua katika nyumba ya babake. Naye babake alikuwa hai, yule yule aliyemfikisha Dimishki akiwa kijana. Na mwana alifia kwake.